Nani Ataosha? Kikombe cha Kutupwa, Glasi na Lugha ya Ukarimu katika Sherehe za Kampala

Ikisiri

Mjadala kuhusu vikombe vya plastiki na vya karatasi katika sherehe za Afrika Mashariki huendeshwa kwa namna mbili: kama suala la taka, au kama suala la heshima kwa mgeni. Makala haya yanazihakiki namna zote mbili. Kwa kuchunguza msamiati wa Kiswahili wa vyombo, kusoma upya tungo tatu (Al-Inkishafi, Utendi wa Mwana Kupona na Song of Lawino), na kutazama desturi za kunywa za Uganda na za pwani, makala yanadai kwamba swali linaloamua chombo kipi kitumike ni swali la kazi: nani ataosha? Sera inayopiga marufuku kikombe bila kumtaja mwosha huuondoa mzigo jaani na kuuweka katika beseni la mwanamke. Makala yanapendekeza lugha ya sera inayomtaja mtenda, pamoja na mfumo wa vyombo vya pamoja ambao tayari upo katika vikundi vya kusaidiana vya Uganda.

1. Utangulizi

Katika sherehe nyingi za Kampala, iwe ni kwanjula, yaani hafla ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, iwe ni harusi au mahafali, vyombo vya kunywea huwa na ngazi. Meza kuu huwekewa glasi zenye shina, zimefutwa hadi zikang'aa. Hema la wakwe na jamaa wa karibu hupata soda za chupa na mirija. Majirani, pamoja na vijana waliokuja kupanga viti, hupewa maji au sharubati katika vikombe vyepesi vya plastiki, ambavyo jioni huonekana vimekanyagwa nyasini. Hakuna mshereheshaji anayetangaza nani ni nani. Chombo kimekwisha kutangaza.

Wanaokitazama kikombe hiki kwa jicho la mazingira wana sababu. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, kaskazini mwa jiji, liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Ni kweli kwamba kikombe cha sherehe ni sehemu ndogo ya lundo lile. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni maganda na mabaki ya chakula. Hata hivyo Kiteezi ilionyesha kwamba neno "kutupa" halimaliziki kwenye pipa. Kila kilichotupwa huenda mahali, na mahali pale pana wakazi.

Wanaokitazama kwa jicho la adabu nao wana hoja. Mgeni kupewa maji katika kikombe kinachobonyea mkononi ni jambo ambalo wazee wengi wa eneo hili hulihesabu kuwa upungufu wa mapokezi. Kwa mtazamo wao, glasi ni ukarimu na plastiki ni haraka.

Dai la makala haya ni kwamba hoja zote mbili, ile ya taka na ile ya heshima, zinamwacha nje mtu mmoja, ambaye ndiye ufunguo wa suala lenyewe: yule anayeinama nyuma ya hema kuosha. Tutamtafuta kwanza katika msamiati, kisha katika fasihi na katika desturi za kunywa, na mwisho katika lugha ya sera.

2. Chombo, gae na taka: ushahidi wa msamiati

Kiswahili kina majina mengi ya vyombo vya kunywea, na kila jina lina njia lilikopitia. Kata ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Finjani ilikuja pamoja na kahawa kutoka Uarabuni. Bilauri imebeba sifa ya kioo safi kutoka Kiarabu na Kiajemi. Glasi imetoka katika Kiingereza, kama ilivyotoka ekikopo ya Kiganda. Kikombe chenyewe ni udogo wa kombe, sahani kubwa. Na kombe, katika tiba ya pwani, ni maandishi matakatifu yaliyoandikwa kwa zafarani juu ya sahani, yakaoshwa kwa maji, na maji yale akanyweshwa mgonjwa. Katika desturi hiyo kuosha chombo si kazi ya mwisho inayofuata baada ya wageni kuondoka. Kuosha ndiko kunakoleta dawa.

Muhimu zaidi kwa hoja yetu ni jina la chombo baada ya kuvunjika. Chungu kikipasuka, Kiswahili hakikiiti taka. Hukiita gae, na gae hupewa kazi. Hubebea kaa la moto, hufukizia udi, huwekewa kuku maji. Methali isemayo "Mfinyanzi hulia gaeni" hueleweka kwa sababu gae bado ni chombo, ingawa ni chombo cha hadhi ya chini. Methali hiyo pia ni ushahidi wa kijamii: anayefinyanga vyombo vizuri vya watu wengine hubaki na kipande. Mikono inayokitengeneza chombo na kukitunza haihesabiwi miongoni mwa midomo inayokifaidi.

Kikombe cha kutupwa hakina gae. Kinatoka kuwa chombo na kuwa taka bila kupitia hali ya katikati, na kwa hiyo lugha haijakipatia jina la pili. Kilichopo ni maelezo tu: "plastiki za matumizi ya mara moja". Maelezo haya yamefasiriwa kutoka lugha za sera za kimataifa, na yanaeleza nia ya kiwanda kuliko maisha ya kitu. Mjini Kampala jerikani ya njano iliyoingia nyumbani na mafuta ya kupikia huteka maji kwa miaka. Kopo la aiskrimu huwa chombo cha kuhifadhia mboga. Kikombe cha plastiki kilichosalimika sherehe huoshwa na kupelekwa nyumbani. Mtu anayesoma sheria yenye maneno "matumizi ya mara moja" anaweza kujiuliza kwa haki kama inamhusu, kwa kuwa yeye hakutumia mara moja.

3. Zidaka tupu na sahani inayotoka jasho

Fasihi ya Kiswahili imeyaona mapambo ya mezani kwa muda mrefu. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anaomboleza kuanguka kwa Pate, na mojawapo ya picha zake zinazokumbukwa zaidi ni ile ya zidaka, vishubaka vya ukutani vilivyopangwa kaure kutoka mbali, ambavyo sasa vimekuwa viota vya ndege wa mwituni. Kaure ni kipimo cha ustaarabu uliopita, na kutoweka kwake ni onyo kuhusu dunia. Waswahili wa enzi zile walithamini vyombo hivyo kiasi cha kuvijengea katika makaburi. Mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi ni ushahidi.

Mhakiki anayetaka kutetea glasi dhidi ya plastiki angeweza kusimama hapa na kusema: tazameni, sisi ni watu wa vyombo vya kudumu. Lakini utenzi hauelezi nani alikuwa akivishusha vyombo vile, akavipangusa vumbi na kuvirudisha. Jibu la kihistoria linajulikana: nyumba za mawe za Pate zilihudumiwa na watumwa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 katika ulimwengu huohuo, unakaribia kulisema. Mwana Kupona binti Msham anamwusia binti yake nyumba iwe nadhifu, na katika wasia huohuo anamwonya asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Tungo hizi mbili zikisomwa pamoja, kidaka kinachong'aa hupata upande wake wa nyuma. Unadhifu ni sifa ya bibi wa nyumba. Mikono ya unadhifu ni ya mtu ambaye hatakiwi kukaa naye.

Kwa hiyo kutamani kurejea kwa vyombo halisi si jambo lisilo na doa. Glasi inayotukuka mezani imetukuka kwa jasho ambalo mara nyingi halikulipwa.

Utungo wa tatu unatokea Uganda, na unatupa kipimo tofauti. Okot p'Bitek alichapisha Song of Lawino mwaka 1966, na Kiswahili kiliupata kwa tafsiri ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino. Uhakiki mwingi umeusoma utungo huu kama ugomvi wa mila na usasa. Usomaji huo haukitoshelezi kile kipande ambamo Lawino anaeleza jiko la mama yake. Hapo Lawino hasemi sahani ya Wazungu ni mbaya kwa kuwa ni ya Wazungu. Anakiri kwamba yapendeza kwa macho. Lawama yake ni ya kiufundi: ukiweka ugali wa ulezi katika sahani ile na kuufunika, sahani hutoka jasho, ugali ukalowa upande wa chini na kupoa, ilhali kibuyu huuweka mkavu na wenye joto. Tena anauliza kama mume aliyerudi safarini hapendelei kunywa maji kwa kibuyu kinachoelea juu ya maji baridi.

Lawino anahukumu chombo kwa kile kinachomfanyia anayekula na kunywa. Kwa kipimo hiki kikombe chembamba cha plastiki kinashindwa kwenye chai, kwa sababu huunguza vidole na kulegea, na kinashindwa nyasini, kwa sababu huanguka kwa upepo. Lakini kwenye maji ya kunywa juani, mikononi mwa mtoto anayekimbia, kinashinda glasi. Kipimo cha Lawino hakina upendeleo wa jina, na ndiyo maana kinafaa.

Kuna jambo jingine. Lawino anakijua kila kitu cha jikoni na mahali pake kwa sababu ni yeye anayekitumia, anayekiosha na anayekirudisha. Katika jiko lake mhakiki wa chombo na mwosha wa chombo ni mtu mmoja. Sherehe ya Kampala imewatenganisha: kamati ya maandalizi hununua, wageni hunywa, na mtu wa tatu huosha au huokota. Ni katika utengano huo ndipo kikombe cha kutupwa kilipopata soko.

4. Mdomo wa mwingine

Haitoshi kusema kwamba kikombe cha kutupwa kimeletwa na uvivu. Historia yake nchini Marekani inaonyesha kwamba kilizaliwa na hofu. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa vituo vya reli na shule walikunywa maji kwa kikombe kimoja cha bati kilichofungwa mnyororo. Madaktari wa afya ya umma walihusisha kikombe hicho na kuenea kwa kifua kikuu. Jimbo la Kansas lilikipiga marufuku mwaka 1909, na kikombe cha karatasi kikauzwa kama kinga dhidi ya mdomo wa mtu usiyemjua.

Nchini India hofu hiyo ilikuwa na sura ya kitabaka kabla ya plastiki. Kulhad, kikombe cha udongo kisichotiwa rangi, hunywewa chai mara moja kisha huvunjwa, na desturi hiyo ilishikamana na fikra za usafi wa kitabaka: chombo kilichoguswa na mdomo wa mtu wa tabaka jingine hakirudiwi. Mwaka 2004 waziri wa reli, Lalu Prasad Yadav, alitaka kulhad irudi katika vituo vya treni badala ya plastiki, kwa ajili ya mazingira na ajira ya wafinyanzi. Kitu kilekile kilikuwa chombo cha kubaguana na kikawa chombo cha sera ya kijani. Mfano huu unatuonya tusidhani kwamba udongo una wema wa asili.

Afrika Mashariki ina majibu yake kwa tatizo la mdomo wa mwingine, na mawili yanastahili kutajwa. La kwanza ni malwa, pombe ya ulezi inayonywewa na Wateso, Wagisu na majirani zao, na sasa na vikundi vingi vya Kampala. Chungu ni kimoja katikati, lakini kila mnywaji ana mrija wake mrefu, na wengi huutunza na kwenda nao. Chombo ni cha wote, mdomo ni wa kila mtu. Desturi hii inavunja kabisa uchaguzi kati ya glasi na kikombe cha kutupwa, kwa kuwa imekataa kudhani kwamba kila kinywaji kinahitaji chombo chake.

La pili ni kahawa ya barazani Mombasa, Lamu na Unguja. Muuza kahawa huzunguka na dele la moto na vikombe vichache visivyo na mkono, ambavyo huvigonganisha ili watu wajue amefika. Mmoja akimaliza, kikombe huoshwa palepale na kupewa mwingine. Vikombe vichache huweza kuhudumia mtaa mzima. Usalama wake una mipaka, na mkaguzi wa afya angekuwa na maswali kuhusu maji ya kuoshea. Lakini tunapaswa kuona jambo ambalo Kampala imelipoteza. Pale barazani kuosha kunaonekana. Anayeosha ndiye mwenye biashara, na malipo ya kikombe ni pamoja na malipo ya kukiosha.

Maradhi ya miaka ya karibuni yameifanya hofu ya kugusana kuwa halali tena. Uviko-19 ulifunga baa za Uganda kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, na mlipuko wa Ebola uliotangazwa Septemba 2022 ukafuata. Anayeagiza vikombe vya kutupwa kwa ajili ya harusi hana budi kusikilizwa anapotaja usafi. Ila ieleweke anachosema: haamini kwamba glasi za kukodi zimeoshwa vizuri. Tatizo lake, kwa mara nyingine, ni uoshaji.

5. Hesabu ya beseni

Mwaka 1994 mkemia wa Kanada, Martin Hocking, alilinganisha nishati inayotumika katika vikombe vya aina mbalimbali. Matokeo yake yaliwashangaza wapenzi wa glasi: chombo cha kudumu huhitaji nishati nyingi kukitengeneza, hivyo hukishinda kile cha kutupwa baada tu ya kutumika na kuoshwa mara nyingi, na idadi ya mara hizo hutegemea namna kinavyooshwa. Hesabu yake ilihusu mashine za nchi zenye umeme. Kampala huosha kwa mikono, kwa maji yanayolipiwa au kubebwa, na pengine kwa maji yaliyochemshwa kwa makaa. Glasi mia tatu za harusi moja ni saa kadhaa za kuinama.

Saa hizo ni za nani? Kwa kawaida ni za wanawake: jamaa wa bibi harusi, majirani, au vibarua wa mpishi wa kukodi wanaolipwa kwa siku na kukatwa glasi ikivunjika. Kwao ujio wa kikombe cha kutupwa ulikuwa nafuu ya kweli, na uhakiki unaokiita kikombe hicho alama ya kuporomoka kwa maadili huandikwa na mtu ambaye mikono yake ni mikavu. Ukarimu unaosifiwa kwa jina la mwenye nyumba na kufanywa kwa mgongo wa mtu mwingine unahitaji kuhesabiwa upya kabla ya kutetewa.

Hata hivyo nafuu ile haikufuta kazi, iliihamisha. Kikombe kisichooshwa huokotwa, husombwa, hutupwa mtaroni na kuzibua mtaro huwa kazi ya mtu mwingine, mara nyingi maskini zaidi. Mwosha wa hema amepumzika, mkazi wa Kiteezi amepokea zamu.

6. Sera isiyo na kiambishi cha mtenda

Nchi za eneo hili zimetunga sheria nyingi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na kuongeza vifaa vya matumizi ya mara moja mwaka 2019. Kenya ilipiga marufuku mifuko mwezi Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 vikombe na sahani za aina hiyo haviruhusiwi katika hifadhi zake za asili. Tanzania ilifuata kwa mifuko tarehe 1 Juni 2019. Uganda ilitangulia majirani wengi kwa kupiga marufuku mifuko myembamba katika sheria ya fedha ya 2009, kisha ikarudia suala hilo katika Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019; lakini kaveera bado inafungia nyanya sokoni.

Sababu za kushindwa kutekeleza ni nyingi, na lugha ni mojawapo tu. Lakini ni ile ambayo mkutano wa wanaisimu unaweza kuifanyia kazi. Sera hizi huandikwa kwa nomino: matumizi, uzalishaji, udhibiti, marufuku. Kiswahili kinaruhusu mtindo huu, ila kwa gharama. Isipokuwa katika amri na katika hali ya mazoea ya hu-, kitenzi kikamilifu cha Kiswahili hudai kiambishi cha mtenda: huwezi kusema "-osha vyombo" ukaishia hapo, ni lazima useme anaosha, tunaosha, wataosha. Ukikimbilia "uoshaji" au "kuosha", nafsi hupotea. Kutendwa nako huficha: "vyombo vitaoshwa" ni ahadi isiyo na mtu. Sarufi yetu huuliza swali ambalo sera hulikwepa.

Suala hili si la mapambo kwa Uganda. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikakikubali kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Nyaraka za sera kwa Kiswahili zitaandikwa kwa wingi katika nchi ambayo bado haijazoea istilahi zake. Tukizipokea kwa tafsiri ya neno kwa neno, tutapokea pia ukimya wake.

7. Hitimisho na mapendekezo

Jibu la kivitendo halihitaji kuagizwa kutoka nje. Katika Buganda kuna vikundi viitwavyo munno mukabi, yaani mwenzio wakati wa shida, ambavyo wanachama huchangia ili kusaidiana katika misiba na sherehe. Vingi vinamiliki sufuria, sahani, vikombe, viti na mahema, ambavyo huenda nyumba hadi nyumba. Chombo hakina mwenye nyumba mmoja wa kujivunia wala kabati moja la kufungiwa. Na kwa kuwa msiba huzunguka, zamu ya kuosha nayo huzunguka. Waswahili husema "Mwosha huoshwa", methali iliyotokana na kuoshwa kwa maiti. Ndani ya munno mukabi ina maana halisi, kwa vyombo na kwa watu. Kasoro yake ni kwamba zamu hiyo huzunguka zaidi miongoni mwa wanawake, na hilo linaweza kurekebishwa bila kuuvunja mfumo.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi ya sera itofautishe chombo cha kutupwa, chombo cha kurudishwa na chombo cha pamoja, badala ya kuviweka vyote chini ya "matumizi ya mara moja" na kinyume chake. Chupa ya soda inayorudi kiwandani katika kreti imeifundisha Afrika Mashariki maana ya kurudisha kwa miongo mingi. Neno lipo, lipewe nafasi. Pili, zabuni za hafla za serikali na za mikutano kama huu ziwe na mstari wa bajeti unaotaja ujira wa wanaoosha, idadi yao na maji watakayotumia. Serikali ikianza kulipa kazi hiyo waziwazi, bei ya kikombe cha kutupwa haitaonekana tena kuwa ndogo kama inavyoonekana sasa. Tatu, halmashauri za jiji zivitambue vikundi vya kusaidiana kuwa watoa huduma, na kuviwekea mabomba na sehemu za kuoshea katika viwanja vya sherehe.

Uhakiki wa vyombo ukikomea kwenye uzuri wa glasi utakuwa umerudi kwenye zidaka za Pate. Ukikomea kwenye ubaya wa plastiki utakuwa umeandika sheria nyingine ya kupuuzwa. Hati yoyote ya sera kuhusu vyombo vya karamu, kabla ya kupitishwa, ipimwe kwa jaribio moja la sarufi: je, kitenzi "osha" kimo ndani yake, na kama kimo, kina kiambishi cha nani?